Hatuna Kumbukumbu za Makosa ya Nyuma

Katika mahakama zetu kuna sentensi fupi inayosemwa mara tu baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani na kabla ya hakimu kutamka adhabu. Hakimu humwuliza mwendesha mashtaka kama upande wake una lolote la kusema kuhusu historia ya mtu huyu. Mwendesha mashtaka huinuka, hupekua jalada kidogo, kisha husema: "Mheshimiwa, hatuna kumbukumbu za makosa ya nyuma." Sentensi huandikwa. Tangu hapo, kisheria, aliyesimama kizimbani ni mkosaji wa mara ya kwanza, na hesabu ya adhabu huanzia hapo.

Niliisikia nikiwa mlalamikaji na shahidi wa kwanza wa Jamhuri. Kizimbani alikuwa kijana wa mtaani kwetu, aliyedaiwa kuuza mtungi wa gesi ulioibwa jikoni mwangu. Nyuma yangu, kwenye benchi lililochongwa majina ya waliotangulia, jirani mmoja aliguna kwa sauti iliyomfanya karani ainue macho. Mguno ule ndio unaonifanya niandike. Kwa hesabu ya mtaa, kijana yule alikuwa amekamatwa mara sita. Kwa hesabu ya mahakama, hakuwahi kukosa. Nimejiuliza kwa muda mrefu ni hesabu ipi iliyo sahihi, na nimefika mahali pa kuamini kwamba zote mbili ni sahihi, na kwamba katika pengo lililo kati yake ndimo watu wanamouawa.

Tukio lenyewe halina ajabu. Tulilala, hatukusikia kitu, na asubuhi tukakuta nondo za dirisha la jikoni zimepindwa kama waya. Televisheni haikuwapo, wala kompyuta mpakato, simu mbili, mtungi wa gesi, na viatu vya shule vya mtoto wetu wa mwisho. Kituoni tulipewa namba ya RB na kuulizwa swali ambalo kila aliyeibiwa nchini hulijua: "Unamshuku nani?" Askari aliyeuliza alikuwa kijana mstaarabu, na simlaumu yeye. Lakini tulitafakari swali hilo. Upelelezi unaoanza kwa kumwuliza aliyeibiwa anamshuku nani ni upelelezi uliokwisha kukabidhiwa mtaa. Hakuna aliyekuja kuchukua alama za vidole, ingawa masizi na mafuta ya jikoni yalikuwa yamezihifadhi kwenye fremu ya dirisha waziwazi kiasi cha mtu kuzihesabu. Gari la doria halikuwa na mafuta. Mimi na askari mpelelezi tulikwenda kufanya kazi ya Jamhuri kwa bajaji.

Kilichotuokoa ni rangi ya kucha. Mitungi ya gesi hufanana, na mke wangu alikuwa na mazoea ya kuandika herufi mbili chini ya kitako cha mtungi wetu ili usipotee tunapokwenda kuubadilisha. Kabla ya kuonyeshwa mtungi uliokutwa dukani, alieleza alama hiyo, mahali ilipo na rangi yake. Wanafunzi wa sheria wanaosoma hapa watatambua uzito wa jambo hilo. Mahakama haikubali mtu aonyeshwe mali kwanza kisha aseme "ni yangu". Anatakiwa aitaje alama ya pekee kabla hajaiona. Muuza gesi naye akamtaja aliyemuuzia.

Sasa tuitazame sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtishia anayevunja nyumba ya kuishi watu na kuingia kwa nia ya kutenda kosa kifungo kinachoweza kufika miaka 14. Akifanya hivyo usiku, ukomo unapanda hadi miaka 20. Usiku nao umepewa mipaka, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Dirisha lilelile, nondo zilezile na televisheni ileile hutofautiana kwa miaka sita kwa sababu ya saa ya ukutani. Siicheki sheria hiyo. Walioiandika walijua tofauti ya kuibiwa ukiwa kazini na kuibiwa watoto wako wakiwa wamelala hatua tano kutoka dirishani. Ila miaka 20 ni tarakimu ya kwenye karatasi. Ili mtu aifikie, au hata aikaribie, ni lazima mtu mwingine athibitishe kwamba ni yeye aliyeingia.

Hapo ndipo hasira ya mtaa inapogongana na kazi ya hakimu, na mimi, pamoja na kuibiwa, nasimama upande wa hakimu. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuweka msimamo mwaka 1980 kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, hasa usiku, ni ushahidi dhaifu unaohitaji kuchunguzwa. Shahidi alimwona kwa muda gani? Kwa umbali upi? Kulikuwa na mwanga wa aina gani, wenye nguvu kiasi gani? Alimfahamu kabla? Majirani zangu huyaona maswali haya kuwa hila za kumkinga mwizi. Kwangu mimi ni ukuta wa mwisho kati ya mtu yeyote na jirani anayemchukia. Katika shauri letu hakuna aliyemwona mtu akiingia. Hakimu alimwachia kijana kwa shtaka la kuvunja nyumba usiku, akamtia hatiani kwa shtaka mbadala la kupokea mali ya wizi, akampa kifungo cha miezi 18. Mfungwa mwenye mwenendo mzuri husamehewa theluthi moja ya kifungo chake, hivyo itabaki miezi 12. Kwa ushahidi uliokuwapo mezani, ilikuwa hukumu safi.

Ambacho hakikuwa safi ni safari ya kuifikia. Shauri lilitajwa mara 14 katika miezi 11. Upelelezi haujakamilika. Jalada lipo kwa mwanasheria wa Serikali. Shahidi hajafika. Hakimu ana udhuru. Jirani yangu mama lishe, aliyemwona kijana akipita na mtungi begani alfajiri ile, alifunga meza yake mara nne kuja kutoa ushahidi na mara nne akarudi bila kusikilizwa. Mara ya tano hakuja, na hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyemlipa siku zile nne. Katikati ya safari hiyo muda unaoruhusiwa wa kuahirisha shauri uliisha, mahakama ikamwachia kijana kama sheria inavyotaka, naye akakamatwa tena kabla hajafika getini na kusomewa mashtaka yaleyale chini ya namba mpya ya shauri.

Sasa hesabu ya mtaa. Niliporudi nyumbani niliwauliza wazee wanitajie hizo mara sita. Ya kwanza alikamatwa na kuku, akachapwa na kuachiwa kwa mjumbe. Ya pili alifikishwa kituoni, mama yake akamlipa mwenye redio, mlalamikaji akaomba kuifuta. Ya tatu alikaa rumande miezi kadhaa, mashahidi wakaacha kwenda, akaachiwa. Ya nne ni kama ya tatu. Ya tano na ya sita ni shauri langu mimi, kabla na baada ya kubadilishwa namba. Hivyo ndivyo mtaa ulivyopata sita. Mwendesha mashtaka alipata sifuri kwa kuwa hakuna hata mara moja kati ya hizo iliyofika kwenye hukumu ya kumtia hatiani, na Katiba yetu, ibara ya 13, haimruhusu mtu yeyote kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla ya hapo. Wanaharakati wenzangu huitetea ibara hiyo, nami pia. Lakini tukubali kwamba dhana ya kutokuwa na hatia imekuja kubeba mzigo usio wake. Iliwekwa kumlinda mtu dhidi ya dola yenye nguvu. Siku hizi inatumika kuficha uvivu wa dola, kwa kuwa mashauri yanayokufa njiani huonekana kwenye karatasi kama watu wasio na doa.

Na hata pale ambapo mtu amewahi kufungwa kweli, mara nyingi sentensi ni ileile. Anayejiita jina moja katika wilaya hii hujiita jingine katika wilaya ya pili. Hukumu ya mahakama ya mwanzo ya kata moja haimfikii mwendesha mashtaka wa mji wa jirani isipokuwa mtu aitafute, na huyo mtu ana majalada mengi mezani na hana sababu ya kulitafuta hili. Ni rahisi zaidi kuinuka na kusema hatuna kumbukumbu. Tazama maneno yenyewe: hasemi kwamba mtu huyu hajawahi kukosa. Anasema sisi hatuna kumbukumbu. Ni ungamo la ofisi, na sisi tumelisikia kama sifa ya mshtakiwa.

Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 nchi nzima ilipanga foleni kuweka kidole kwenye kifaa ili laini za simu zisifungwe. Bibi wa miaka 80 aliambiwa vidole vyake vimefutika kwa jembe, arudi kesho. Dola inayoweza kunizimia simu kwa sababu haina kidole changu haiwezi kumwambia hakimu ni nani aliyesimama mbele yake. Siombi kwamba hazina ya vitambulisho vya taifa ifunguliwe kwa kila kituo cha polisi; nina sababu zangu za kuliogopa hilo, na wasomaji wangu wengi wanazijua. Nasema tu kwamba uwezo upo, na kwamba ulielekezwa mahali ulikoonekana unahitajika.

Mtaa, kwa upande wake, haujui kusahau. Hapa naomba niende polepole.

Waswahili tunasema siku za mwizi ni arobaini. Nimekua nikiisikia methali hiyo kama faraja, kwamba haki haikimbii na siku yake hufika. Mtaani kwetu, katika miaka hii, imegeuka kuwa hesabu ambayo kila mtu anaona ana haki ya kuifunga. Na vyombo vyetu vya habari na taarifa za polisi vimeipatia hesabu hiyo jina la heshima: "wananchi wenye hasira kali". Mtu akiuawa kwa mawe, kwa tairi na petroli, taarifa husema ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari huishia hapo. Tuichambue kidogo kama wanaisimu. Wananchi ni neno la heshima, la mikutano na la uchaguzi. Hasira ni hali ya moyo inayompata mtu bila kuichagua. Kali inakamilisha udhuru. Katika maneno matatu hakuna muuaji, hakuna kosa la mauaji, hakuna jina la kupelekwa kizimbani. Hakuna wakili wa utetezi aliyewahi kumtungia mteja wake sentensi nzuri kuliko hiyo.

Wiki tatu baada ya hukumu niliyoieleza, nyumba nyingine ilivunjwa mtaa wa pili. Kulikuwa na kijana mwingine pale kwetu, mkubwa kidogo kwa umri, ambaye kweli alifungwa miaka kadhaa iliyopita kwa kuvunja duka, akamaliza kifungo, akarudi. Alikuwa akimsaidia fundi wa kuchomelea mageti. Nondo za madirisha ya nusu ya nyumba za barabara yetu alizishika yeye, za kwangu mpya zikiwamo. Usiku ule kelele za mwizi zilipopigwa, alitoka nje kama wengine. Mtu mmoja alimwona na kusema jina lake kwa sauti. Halikuhitajika neno la pili. Alifariki hospitalini kesho yake, na mali iliyoibwa ilikutwa baada ya siku kumi kwa mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimfikiria. Taarifa ilisema wananchi wenye hasira kali. Nilikwenda msibani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, na waliompa pole walikuwa ni walewale, maana mtaa ni ule ule. Hadi ninapoandika, hakuna aliyeshtakiwa.

Huyo ndiye ambaye mahakama, laiti angeshtakiwa upya, ingekuwa na kumbukumbu zake halisi. Na kumbukumbu hizo zingekuwa na tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na muhuri. Kumbukumbu ya mtaa haikuwa na tarehe ya kumaliza.

Baada ya misiba kama hii husikika sauti ya kutaka adhabu ziongezwe, na kila mara sauti hiyo hupata wasikilizaji serikalini. Tuliwahi kuzisikiliza. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliweka kifungo cha lazima na viboko 24 kwa makosa yaliyoorodheshwa, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Wazee wetu walisema hivyo vya mwisho ni vya kumwonyesha mkewe. Sheria ya mwaka 1972 iliondoa viboko, mabadiliko ya mwaka 1989 yakavirudisha, na mwaka huohuo unyang'anyi wa kutumia silaha ukapewa kifungo cha chini cha miaka 30. Tukayajaza magereza, kisha tukayapunguza kwa kalamu: tarehe 9 Desemba 2019 msamaha wa Rais uliwagusa wafungwa 5,533 kwa siku moja. Cesare Beccaria aliandika kule Italia mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu kutenda kosa ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake, na wanaosomea uhalifu wamekuwa wakirudi kwenye hoja hiyo tangu wakati huo. Kijana aliyeshtakiwa kwa mtungi wangu hakuwa akipima miaka 14 dhidi ya 20. Alikuwa akipima mama lishe atakuja mahakamani mara ngapi.

Wala ukatili wa dola yenyewe haukuziba pengo. Dar es Salaam ilipata taharuki ya Panya Road mnamo Januari 2015. Septemba 2022 jina lile likarudi, safari hii likihusu vijana wanaoingia majumbani na mapanga, na haikuchukua muda polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa kadhaa. Watu wengi walishangilia. Nakumbuka ukimya uliotanda darasani nilipowauliza wanafunzi wangu ni nani kati ya waliouawa aliyewahi kutiwa hatiani na mahakama, kwa kosa lipi. Mwanafunzi mmoja akajibu kwamba swali hilo ni la watu wenye kuta ndefu. Nilimheshimu kwa jibu lake. Anatoka eneo lililovamiwa. Nikamwambia nami nimeibiwa. Akasema, "Lakini wewe, Mwalimu, ulisubiri miezi kumi na moja kwa sababu ulikuwa na mshahara wa kusubiria." Hilo sikuwa na la kulijibu, na bado sina.

Kuna mtu mmoja ambaye katika mjadala huu wote hutajwa mwanzo kisha husahauliwa: aliyeibiwa. Ibara ya 107A ya Katiba, inayoeleza misingi ambayo mahakama inapaswa kuifuata katika kutoa haki, inataja wazi utoaji wa fidia ipasayo kwa watu wanaoathirika kwa makosa ya wengine. Imo katika ibara hiyohiyo inayokataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi. Sheria za mwenendo wa makosa ya jinai nazo zinampa hakimu uwezo wa kuamuru fidia. Katika shauri letu hakuna aliyeiomba kwa niaba yetu na hakuna aliyetuuliza. Mtungi ulibaki kuwa kielelezo hadi rufaa ipite. Sisemi haya kwa ajili ya mtungi. Nasema kwa sababu aliyeibiwa akitoka mahakamani bila kitu mkononi, bila hata nauli yake, wakati ujao hatakwenda. Atapiga kelele za mwizi na kuwaachia wengine.

Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi taarifa yake mwezi Julai 2023, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwa na chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea nje ya polisi. Ni pendekezo kubwa na naliunga mkono. Lakini watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua jinsi mapendekezo makubwa yanavyosubiri bajeti. Yapo madogo yasiyosubiri. Mtu akifikishwa mahakamani apewe namba moja inayomfuata yeye, siyo shauri, ili akibadilishiwa shauri asigeuke kuwa mtu mpya. Mwendesha mashtaka asiruhusiwe kusema hatuna kumbukumbu bila kusema alitafuta wapi. Shahidi alipwe siku yake kabla hajaondoka mahakamani. Na mtu aliyemaliza kifungo apewe karatasi yenye muhuri isemayo amemaliza, aweze kumwonyesha mwenyekiti wa mtaa, maana kwa sasa anarudi na mfuko wa plastiki na neno lake tu.

Kijana wa mtungi anatoka mwezi ujao. Mtaa unaijua tarehe. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa amenipigia simu kuniambia kuna kikao cha ulinzi shirikishi usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwamba mimi kama mlalamikaji naombwa kuhudhuria. Nimemjibu kwamba nitakuja, ila kikao kiwe mchana, mkaguzi wa polisi wa kata yetu awepo, na mama wa kijana aalikwe. Kuhusu mchana amekubali. Kuhusu mama amesema atawauliza wajumbe.